Alikwambia Wewe Kwanza

Kitengela
9 Februari 2025

Dada Elsie,

Mulembe, salamu za nyumbani. Usishangae kuona karatasi. Simu yangu Baba Sydney anajua namba ya kuifungua, na mimi naijua yake, ndivyo tumeishi tangu tuoane. Haya siwezi kuyaandika humo. Katoo amekubali kukuletea na gari lake la Probox akija Kajiado. Ukimpa jibu lifunge na gundi vizuri. Katoo ni mtu mzuri ila ana macho.

Leo sikuenda kanisani. Niko na alama nyeusi chini ya jicho. Majirani nimewaambia ni mlango wa kabati. Wewe nakuambia ukweli: ni Dalmas, Baba Sydney mwenyewe. Usiruke bado. Alikuwa amelala. Alinigonga ngumi usiku wa Alhamisi akiwa usingizini, Elsie, mwanaume ambaye hata Sydney alipokuwa mtundu alishindwa kumchapa. Nilipopiga kelele akaamka, akaona damu kwa pua yangu, akalia kuliko mimi.

Ngumi nimeisamehe. Jina ndilo sijasamehe. Kabla ya kunigonga alikuwa akiita, "Asho! Asho, kimbia!" Aliita kwa sauti kubwa ya mtu ambaye moyo wake uko huko. Mimi hajaniita hivyo miaka mingi. Asubuhi nikamuuliza, "Asho ni nani?" Akaniangalia na ule uso wake wa siku hizi, mkavu kama ukuta, akasema, "Asho gani?"

Zamani nikimtania alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Sasa namtania, ananitazama tu, kana kwamba mimi ni mzazi amekuja kuuliza matokeo ya mtoto. Nilinunua mafuta mapya ya kujipaka, yale ya waridi. Nikapita karibu yake mara mbili. Hata hakugeuza kichwa. Nikamuuliza, "Husikii kitu?" Akasema, "Kitu gani?"

Kuna mtu, Elsie. Mwanaume hapotezi macho na pua kwa mke wake bure.

Mdogo wako,
Nasike

*

Kajiado
14 Februari 2025

Nasike mdogo wangu,

Nimesoma barua yako hapa kliniki, nimesimama, na wagonjwa wamepanga foleni mbele ya meza yangu ya mapokezi wakifikiri nimepata habari ya kifo. Pole. Weka kitambaa cha maji baridi hapo kwa jicho.

Sasa nisikize. Ngumi ni ngumi. Awe amelala, awe macho, akirudia mara nyingine beba nguo zako uje. Niko na kitanda cha pili tangu nifiwe na mume, na upepo wa huku utakusahaulisha.

Kuhusu hilo jina, siwezi kukudanganya. Mtu haiti usingizini jina asilolijua mchana. Chunguza. Si una yule Asho wa duka la vitambaa, mke wa Warfa? Nyinyi mafundi mnanunua kwake vitambaa vya kushona yunifomu. Anza hapo. Usimwambie Dalmas unachunguza. Na Jumamosi akitoka, angalia anatoka amevaa nini.

Mimi nilimpenda shemeji kama ndugu, lakini ndugu yangu wa damu ni wewe.

Dada yako,
Elsie

*

Kitengela
2 Machi 2025

Dada Elsie,

Nilienda kwa Asho. Nilijifanya nataka kitambaa cha sketi za shule. Ni mwanamke mzuri, sitaficha, ana hina mpaka kwa viwiko na sauti ya kubembeleza wateja. Nikiwa napimiwa akaniuliza, "Na mwalimu hajambo? Mbona amekonda?" Nikasema, "Mwalimu unamjulia wapi?" Akacheka. "Si alimfundisha Khalif wangu hesabu! Bila yeye huyo kijana angekuwa bado anahesabu kwa vidole." Nikaondoka bila kungoja chenji. Sijui kama mwanamke mwenye hatia anaweza kucheka hivyo. Sijui pia kama asiye na hatia anaweza kujua mume wa mtu amekonda.

Lakini mambo yamezidi, dada. Siku hizi akiongea na simu ananong'ona. Yaani mtu wa kufundisha darasa la watoto sitini bila kuinua sauti, sasa ananong'ona sebuleni mwake. Nikikaribia anakata. Nilimwambia aongee kama mwanaume, akasema, "Ninaongea, Mama Sydney. Ni wewe husikii." Mimi ndiye sisikii!

Tukienda kanisani tulikuwa tunashikana mikono, watu wakitucheka tu. Sasa mkono wake wa kulia anauning'iniza kando kama si wake. Nikiushika, haunishiki. Na ameanza kuandika vijiherufi vidogo sana, hata orodha ya sokoni sisomi. Nani huandika hivyo kama si mtu anayeficha?

Jana, Jumamosi, alisema ana mkutano wa walimu Isinya. Alivaa shati jeupe. Alikaa kwa vifungo muda mrefu mpaka nikamuuliza anajipamba kwa nani. Aliporudi jioni hakula. Akaketi tu akiangalia mikono yake.

Usiku bado anapigana. Nimeweka mto katikati yetu. Bado ni Asho.

Nasike

*

Kajiado
7 Machi 2025

Mpendwa Nasike,

Barua yako imefika. Nimeisoma polepole.

Naomba uyasahau niliyokuambia Februari. Niliandika kwa hasira. Huyo Asho wa Warfa mwache, ana mume na wajukuu. Na Jumamosi usimfuate Dalmas. Tafadhali. Mtu akiwa na jambo linalomsumbua mpe nafasi.

Je, ndotoni anakimbizwa? Anaanguka kitandani? Na ile harufu, ni mafuta yako tu hasikii, au hata chakula kikiungua? Nauliza tu. Toa hiyo taa ya kioo karibu na kitanda, na wewe ulale kwa chumba cha Sydney kwa sasa, isije ikawa jicho tena.

Dalmas si mtu mbaya. Amini hivyo hata usipojua kwa nini.

Elsie

*

Kitengela
30 Machi 2025

Elsie,

Mwezi uliopita uliniambia nibebe nguo zangu. Sasa unaniambia nimwachie Asho kitanda. Sijui ni nini imekupata, pengine ni uchovu wa kazi. Sitahama kitandani kwangu. Nikihama, huyo wa ndotoni atalala hapo peke yake na mume wangu.

Na maswali yako nimejibu kichwani, nikashangaa. Ndiyo, anakimbizwa. Ndiyo, ameanguka. Wiki jana maharagwe yaliungua akiwa ameketi jikoni kando ya jiko, anasahihisha vitabu, moshi umejaa, yeye hana habari. Mtu akiwa na mapenzi mapya hata moshi hauoni. Ndivyo nilivyojiambia.

Sasa ngoja nikuambie. Wathome, anayefundisha naye, alimpata Dalmas Kajiado jana. Kajiado, Elsie! Si Isinya. Alikuwa ndani ya hoteli na mwanamke wa kilemba cha bluu. Wathome anasema mwanamke huyo alikuwa amemshika mkono juu ya meza, anaufungua na kuufunga, anaufungua na kuufunga, na wote wawili wameinama kama watu wanaoomba. Aliniambia akicheka, akidhani ni jamaa yetu. Nami nikacheka. Nimecheka mpaka alipoondoka, kisha nikafunga mlango.

Wewe uko huko. Unajua kila mtu anayepita mbele ya hiyo meza yako. Nitafutie huyo mwanamke. Sitampiga. Nataka tu kuona uso ambao mume wangu anauangalia akiwa na uso wake wa zamani.

Nasike

*

Kajiado
3 Aprili 2025

Nasike,

Nimeuliza. Sijamwona mtu kama huyo.

Tafadhali ngoja kidogo. Wiki mbili, tatu. Kila kitu kitaeleweka. Usije huku Jumamosi, nitakuwa kazini siku nzima na sitaweza kukupokea vizuri.

Elsie

*

Kitengela
6 Aprili 2025

Elsie Nekesa,

Nilikuja.

Uliniambia nisije, ndiyo maana nilikuja. Mwanamke hamwambii dada yake asimtembelee. Nilishuka karibu na hoteli ile, nikapita dirishani nikijidai natafuta kinyozi. Nikakuona wewe. Kilemba cha bluu nilikununulia mimi Krismasi, nikasema rangi hiyo inakupendeza. Kweli inakupendeza. Dalmas alikuwa ameweka kichwa begani mwako analia, na mkono wako ulikuwa mgongoni mwake, unampapasa kama mtoto.

Sikuingia. Nikarudi kutafuta gari.

Ulinipa mimi Asho. Uliniambia nianze kwa mke wa Warfa. Nimemnunia mwanamke wa watu, nimeanza kununua vitambaa duka lingine la mbali, na wewe hapo unasoma barua zangu. Kila nilichokuandikia, kuhusu uso wake, mkono wake, kunong'ona kwake, kumbe alikuwa ananong'ona na wewe. Mlikuwa mnazisoma pamoja? Mlicheka pale nilipoandika juu ya mafuta ya waridi?

Unaniambia ana mume na wajukuu. Wewe huna mume. Sikuwahi kufikiri nitakuja kuandika hivyo kwa dada yangu, lakini nimeandika na sifuti.

Usinijibu. Nimemwambia Katoo asipokee kitu kutoka kwako.

Nasike

*

Kitengela, chumba cha Sydney
8 Aprili 2025

Mama Sydney,

Nakuandikia na tuko nyumba moja kwa sababu umefunga mlango, na sauti yangu siku hizi haipiti mlango. Si kunong'ona. Nikiongea naisikia kubwa kichwani, watu wananiuliza nimesema nini. Darasani wanafunzi wa nyuma wamehamia mbele.

Samahani kwa maandishi. Naanza mstari na herufi kubwa, zinapungua zenyewe. Hata ubaoni.

Asubuhi ile nilipoona jicho lako sikuenda shule. Niliketi kwa gari la Katoo mpaka Kajiado bila kujua naenda wapi. Kwa polisi kujishtaki? Nilimkumbuka shemeji anafanya kazi kliniki. Sikumpata siku hiyo, nikarudi tena Machi mosi, siku ambayo daktari wa ubongo huja kutoka Nairobi. Nilimwambia Elsie, "Nampiga mke wangu na sijui." Yeye ndiye aliyenipeleka kwa huyo daktari. Nilimwapisha asikuambie. Alikataa mara mbili. Nilimwambia nikikuambia kabla ya kujua ni nini, utaanza kuniangalia kama mgonjwa, na mimi nilitaka uniangalie kidogo tena kama mume. Hata kwa hasira. Hasira yako ilikuwa ya mke.

Daktari anasema mtu mwenye afya akiota, mwili hufungwa usifuate ndoto. Wangu haufungwi tena. Anasema wengi wanaoanza hivi, baada ya miaka, hupata ugonjwa wa kutetemeka, na wengine kusahau. Kwangu anaona haukungoja. Mkono, pua, sauti, uso. Amesema jina, ugonjwa wa Parkinson. Elsie alikuwa ananifanyisha mazoezi ya vidole pale hotelini kama alivyoonyeshwa, Wathome alipotuona. Na Jumamosi, ulipotuona kama ulivyoniambia kabla ya kufunga mlango, nililia kwa sababu ndipo nilipoambiwa hakika.

Uso wangu, Mama Sydney. Nacheka. Ukinitania nacheka ndani, sijui kwa nini haufiki nje.

Asho nimemtafuta kichwani. Nilipofundisha Modogashe kabla hatujajuana, kulikuwa na msichana wa kidato cha pili jina hilo, aliyekaa karibu na dirisha. Sijamfikiria tangu nihame. Ndotoni kuna mbwa wengi, yeye yuko mbele yangu, nami nawapiga mbwa. Sijui kwa nini ni yeye. Ningeweza kuchagua ningekuchagua wewe.

Dalmas

*

Kitengela, chumba chetu
8 Aprili 2025

Baba Sydney,

Nimesoma. Imebidi nichukue miwani na tochi ya simu.

Mlango hauna kufuli sasa. Lakini bado sijaongea na wewe.

N.

*

Kajiado
13 Aprili 2025

Nasike,

Najua umekataza. Katoo pia amekataa, kwa hivyo naituma na mama mmoja anayekuja kuuza shanga sokoni Kisaju. Mpwa wake atakuletea.

Dalmas amenipigia, ameniambia umejua. Basi sina la kuficha isipokuwa moja, na hilo hata yeye halijui.

Barua zako hakuzisoma. Hakuna aliyecheka. Lakini uliuliza kwa njia yako kama nilifurahia, na nimekaa na swali hilo wiki nzima. Nilifurahia kidogo, Nasike. Si yeye kama mwanaume, Mungu anajua. Nilifurahia kuwa na mtu anayeingia mlangoni akinitafuta mimi. Tangu nifiwe hakuna anayeniletea hofu yake. Wanaleta kadi za kliniki. Yeye akaketi akaniambia mimi jambo ambalo hajamwambia mtu, nami nikaliweka kama kitu changu. Ningeweza kuvunja kiapo Machi. Ulipoandika habari ya maharagwe nilijua kabisa ni ugonjwa, na ningekuandikia siku hiyo hiyo. Nikajiambia ni kwa ajili yake. Haikuwa kwa ajili yake peke yake.

Miaka yote nimekuona umeshikwa mkono ukienda kanisani.

Daktari anarudi tarehe tatu Mei. Anataka Dalmas aje na mtu. Nimeandikisha jina lake tu. Nafasi ya pili nimeiacha wazi.

Dada yako, ukikubali,
Elsie

*

Kitengela
11 Mei 2025

Elsie,

Ulituona tukiingia tarehe tatu na ukaweka macho kwa kompyuta yako. Nilijua unaniona. Nilipita mbele ya meza yako bila salamu, na hilo lilinitia uchungu kuliko nilivyotarajia. Kwa hivyo nakuandikia.

Nilikuwa nimejitayarisha kuketi pembeni, kama mtu aliyeletwa kwa harusi isiyo yake. Nilijua kila swali utakuwa umeshalijibu wewe. Daktari ni kijana, ana viatu vya kukimbia. Akafungua faili, akamuuliza Dalmas, "Unapiga kelele kila usiku ama usiku mwingine?" Dalmas akasema hajui. "Ulianza lini?" Hajui. "Unatupa mikono au miguu pia?" Hajui, amelala. Daktari akaweka kalamu chini. "Nani hulala na huyu mzee?"

Nikasema, "Mimi."

Basi akageuza kiti, akanitazama mimi. Elsie, niliongea mpaka muuguzi akaja kuchungulia. Nilimwambia mafuta ya waridi niliyanunua lini, na kwamba hata kabla ya hapo alikuwa amekula mandazi yaliyooza bila kujua. Nilimwambia mkono uliacha kunishika kabla ya Krismasi ya mwaka juzi, tukitoka ibada ya shukrani. Nilimwambia kupiga mateke kulianza zamani sana, Sydney akiwa bado kidato cha pili, na mimi nikidhani ni malaria. Hata Dalmas alikuwa ananiangalia. Aliuliza, "Uliona hayo yote?" Nikamwambia, "Nilikuwa nakuchunga usiende kwa mwanamke."

Daktari alicheka. Halafu Dalmas akacheka. Haikufika usoni yote, lakini niliisikia, tumbo lake liligonga meza.

Yaliyosalia si ya kucheka. Hakuna dawa ya kuuondoa ugonjwa. Kuna ya kusaidia mwili, na nyingine ya kulala ambayo ataanza na kidogo. Atembee kila siku, aimbe kwa sauti, daktari amesema kuimba kunasaidia, kwa hivyo amerudi kwaya. Shule wamempunguzia vipindi. Sydney tumemwambia kwa simu. Aliuliza kama yeye pia atapata, na daktari alikuwa ametuambia kwa kawaida haurithiwi, nikamwambia hivyo. Nilipokata simu nilienda nje nikakaa kwa ngazi.

Nilirudi pia kwa duka la Warfa. Nilimwambia Asho nilikuwa nimekasirika kwa jambo lingine. Akanipimia kitambaa, akaongeza kipande, hakuuliza.

Daktari alisema tulale vitanda tofauti. Tumeweka godoro la Dalmas chini, la kwangu chini pia upande wa pili, na mito ya sofa katikati. Ukituona utasema ni wakimbizi. Bado anapigana na mbwa wake. Wiki hii aliita majina mengine, hata mwalimu mkuu alitajwa. Mimi sijatajwa hata mara moja. Nitakuambia ukweli: inaniuma. Najua ni ugonjwa, nimeelezwa vizuri na mtu aliyesoma, na bado inaniuma.

Na wewe unaniuma. Si kwa lile nililofikiri, nilikukosea na naomba msamaha kwa neno nililoandika juu ya kufiwa kwako. Unaniuma kwa sababu alikwambia wewe kwanza. Hilo siwezi kulirudisha, na hata tukizeeka wote watatu litakuwa limetokea. Huo mwezi mzima mlijua kitu juu ya mume wangu, mimi nikipika na kuosha shati jeupe. Naamka nalo. Labda litapungua.

Lakini mbele ni parefu, na mimi peke yangu sitamweza akianza kuanguka. Huku hakuna mtu mwingine ambaye nitampigia nikiogopa bila kumweleza mambo tangu mwanzo.

Njoo Jumapili ijayo baada ya ibada. Ulale hapa, uone tunavyofanya. Atafurahi, najua atafurahi, nami nitajikaza. Kitu kimoja tu nakuomba. Siku yoyote akianza kukuambia jambo ambalo hajaniambia mimi, mnyamazishe hapo hapo, hata akiwa analia, umshike mkono umlete mahali nilipo.

Mdogo wako,
Nasike